Mfarishi wa chini ya machela: shajara ya mradi, kutoka Kisauni hadi Met Station

Jumamosi, 10 Mei

Agosti ya mwaka jana nililala usiku mmoja Met Station, kambi ya upande wa Naro Moru wa Mlima Kenya, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Nililala kwenye machela. Siyo ile ya kubebea wagonjwa. Hii ni ya kitambaa, inafungwa baina ya miti miwili na mtu analala hewani. Nilikuwa nimeazima mfuko wa kulalia mnene, nimevaa sweta mbili na soksi za sufu. Kufika saa saba za usiku kifua kilikuwa na joto, magoti yana joto, ila kuanzia mabegani hadi mapajani ni kana kwamba sikuvaa kitu. Nikaongeza koti la mvua. Hakikubadilika chochote. Saa tisa nikateremka, nikaenda kukaa jikoni na wapagazi hadi kulipopambazuka.

Tangu usiku ule sijaacha kulifikiria jambo hili, na leo nimeanza kulifanyia kazi. Ndiyo maana nafungua shajara.

Kosa nimelijua. Mfuko wa kulalia hautoi joto. Joto ni la mwili wako. Kazi ya mfuko ni kuituliza hewa ndani ya pamba yake ili joto lisikimbie. Ukiulalia, uzito wako unaikamua hewa yote, na chini ya mgongo hapabaki kitu ila vitambaa viwili vilivyogandamana. Anayelala chini angalau ana mkeka wa sponji baina yake na ardhi. Wa kwenye machela chini yake upepo unapita usiku kucha, unachukua joto na kwenda nalo. Kwa hiyo kinga ya chini lazima ikae nje ya machela, ining'inie, iguse kitambaa bila kulaliwa. Hicho ndicho ninachotaka kushona. Nitakiita mfarishi wa chini. Neno mfarishi tunalo nyumbani siku zote, halina haja ya kutafutiwa mbadala.

Hesabu ya baridi nayo ni hii: kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5. Hapa Kisauni, Mombasa, usiku wa Julai, kusi ikivuma, tuna nyuzi 21 au 22 na watu wanatoa masweta kabatini. Ukipanda mita 3,050 unatoa karibu nyuzi 20. Zinabaki mbili. Nataka kitu kitakachonilaza hata nyuzi sifuri, ili niwe na akiba. Nitakijaribu wapi, na Mombasa haina hata usiku mmoja wa namna hiyo? Hilo nitalitafutia njia.

Jumapili, 18 Mei

Mvua ya masika haijakatika tangu Alhamisi. Nimekwenda soko la Kongowea, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikapekua duveti za mitumba. Namna yangu ya kuchagua: naikunja, naibana kifuani kwa nguvu, nahesabu hadi thelathini, naiachilia. Iliyochoka inabaki bapa. Niliyoichukua iliinuka taratibu yenyewe kama unga wa mahamri uliokubali hamira. Shilingi 450. Ndani ni poliesta ya tabaka moja nzima, siyo vipande vipande, na hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Manyoya laini ya bata niliyafikiria, nikayaacha. Kwa wepesi hayana mpinzani, na yanafinyika yakaenea kwenye mfuko wa ukubwa wa mkate. Lakini yakilowa yanashikana na hewa yote inatoka, na hapa kwetu unyevu wa hewa peke yake ni adui. Nilikuwa na jaketi la manyoya, nikalitundika kabatini Machi. Lilipofika Juni lilikuwa na madoa ya kuvu kwenye mikono na harufu ambayo haikutoka tena. Poliesta ni nzito zaidi na inajaza mkoba, ila ikilowa bado inasaidia kidogo, na inakauka upesi.

Nilipofika nyumbani Bibi aliniona naianika duveti sebuleni juu ya viti, akauliza. Nikamweleza mradi wote, mlima, upepo, mgongo. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Na sufi je?” akasema. “Watu wamelalia sufi miaka yote, wewe wakimbilia duveti ya watu?”

Sufi ni ile ya mti, isichanganywe na sufu ya kondoo. Msufi uko nyuma ya nyumba yetu. Maganda yakipasuka ua wote unakuwa mweupe. Na Bibi ana hoja. Nyuzi za sufi ni mirija mitupu iliyojaa hewa, na juu zina nta kidogo, ndiyo maana maji hayaziingii kwa urahisi. Zamani zilitiwa hata kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Akanipa mfuko mzima wa sufi aliyoichambua mwaka uliopita. Wakati naondoka akaniita.

“Haitaki kufinywa, mwanangu. Ukiifinya imekufa.”

Alhamisi, 22 Mei

Nimeshona vifuko viwili vya sentimita 40 kwa 40. Kimoja nimetia sufi, kimoja poliesta, vyote vikiwa na kimo cha sentimita 6. Nikavifinya ndani ya mkoba, nikaweka juu yake mfuko wa mchele wa kilo 10, nikaviacha siku mbili, maana safari ya kutoka hapa hadi mlimani ni siku mbili.

Leo nimevitoa. Baada ya saa moja poliesta ilikuwa na kimo cha sentimita 5 na nusu. Sufi ilibaki 3, na ndani ukiishika unakuta mabonge. Mchana jua lilipochomoza kidogo Bibi akaitwaa, akaitandaza darini, akaipiga kwa fimbo nyembamba kama anavyopiga mito kila mwezi. Jioni ilikuwa karibu 5. Kwa hiyo sufi inafufuka, lakini inahitaji jua na fimbo na mtu mwenye subira, na Met Station saa kumi na mbili jioni sitakuwa na jua. Mfarishi utakuwa wa poliesta. Sufi itakuwa mto wangu, na mto nitaubeba juu ya mizigo yote bila kufinywa.

Nimeandika pembeni jambo jingine, ambalo kwangu limekuwa kubwa kuliko jaribio lenyewe: kabla ya kufungasha, kila kitu kianikwe juani na kipigwe. Nilikuwa nikiiona kazi ya Bibi ya mito kuwa usafi tu.

Jumamosi, 24 Mei

Kitambaa kwanza. Kwa duka moja la Biashara Street niliuziwa nailoni nikiambiwa ni nyepesi na inapitisha hewa. Nyumbani nikaiweka mdomoni nikapuliza: haipitishi hata pumzi, imepakwa mpira upande wa ndani. Mtu akilala hutoa mvuke usiku kucha. Ukikosa pa kutokea unageuka maji ndani ya pamba, na asubuhi mfarishi ni kitambaa kilicholowa. Nikarudi, nikapuliza vitambaa saba kimoja kimoja pale pale dukani mpaka nikapata nailoni nyembamba ya jaketi ambayo pumzi inapita kwa shida lakini inapita. Ile inayopita bila shida haifai pia, upepo utaingia.

Mchana nikaenda kwa fundi wangu Mji wa Kale, cherehani yake iko barazani. Nikampa vipimo: urefu sentimita 200, upana wa kitambaa cha nje 124, cha ndani 110.

“Umekosea,” akasema. “Mfarishi vitambaa huwa sawa.”

Nikachukua magazeti mawili, nikaweka kipande cha sponji katikati, nikayakunja juu ya goti langu. La nje likakaza, sponji ikafinyika. Nikamweleza: mfarishi huu haulali bapa, unapinda chini ya mtu kama dau. Ikiwa vitambaa ni sawa, cha nje kitavuta na kukamua hewa pale pale tunapoitaka.

Akalitazama goti langu kitambo. “Kama kofia yenye bitana,” akasema. “Ya ndani hukatwa ndogo.” Hapo tukawa tunazungumza lugha moja.

La pili tulibishana zaidi. Yeye alitaka kupiga mistari ya cherehani kutoka upande hadi upande, kama mfarishi wowote, ili pamba isiteleze. Mimi sikutaka mistari. Kila mahali sindano inapopita pamba inabanwa hadi kuwa unene wa kitambaa, na mstari mzima unakuwa njia ya baridi. Akaniuliza kwa haki kabisa: basi nini kitaishika? Mwisho tukarudi kwenye godoro la sufi: vifundo. Tisa, kwa mkono, kwa uzi uliolegezwa, ili pamba ishikwe bila kubanwa. Kingo tu ndizo zimepigwa cherehani.

Nimekaa kumtazama saa mbili. Nailoni hii inateleza kama samaki. Hakutumia pini, kwa sababu pini inaacha matundu ambayo hayazibiki. Alishika kingo kwa vibanio vya nguo, akitoa kimoja kila mguu wa cherehani unapokaribia. Chini ya kitambaa alipitisha utepe wa gazeti ili meno ya cherehani yapate cha kushika. Akimaliza ubavu mmoja analichana gazeti kwa dole gumba, linatoka kwenye mshono kama ganda la kitunguu. Kwenye ncha zote mbili akaacha upindo wa kupitishia lastiki.

Umepimwa kwenye mzani wa duka la jirani: gramu 860.

Jumamosi, 14 Juni

Jibu la swali la wapi: kwa Ami. Ana bucha, na nyuma ya bucha ana chumba cha baridi chenye reli za chuma juu za kutundikia nyama. Aliniambia tusubiri Idi ya Mfunguo Tatu ipite, maana chumba kilijaa. Leo kilikuwa karibu kitupu, kimeoshwa, na kipimajoto kinasoma nyuzi 3.

Anayetaka kuiga asome hapa kwanza. Mlango ulikuwa ule ambao aliye ndani anaweza kuufungua mwenyewe, na niliujaribu mara tatu kabla ya kuingia. Mdogo wangu alikaa nje na kugonga kila robo saa, nisingejibu, angefungua. Sikuingia na nguo mbichi. Bila mambo hayo nisingekubali, na Ami asingeniruhusu.

Machela nimeifunga kwa mikanda ya poliesta ya upana wa sentimita 5, ile ya kufungia mizigo kwenye malori ya bandarini. Nimehakikisha mikanda inashuka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mlalo. Kwa pembe hiyo kila upande unabeba uzito sawa na wangu, kilo 70. Ukiikaza machela mpaka pembe iwe nyuzi 10, kila upande unavutwa kwa karibu kilo 200, na juu ya hayo unalala kama ndani ya ganda la ndizi. Juu nimeweka kamba ya mgongo inayounganisha ncha mbili za machela: machela yangu ina urefu wa mita 3.3, kamba nimeikata mita 2.74, yaani asilimia 83. Kwa hiyo mlegeo haubadiliki popote nitakapoifunga, nami naweza kulala mshazari. Ukilala mshazari mgongo unanyooka, na mfarishi nao unapata kukuenea.

Kipimajoto kidogo nimekiweka baina ya machela na mfarishi, sehemu ya kiuno. Kilianza 3. Baada ya dakika ishirini kilikuwa 19. Sikuamini, nikakipapasa. Lakini bega la kushoto lilikuwa linauma kwa baridi. Nikakisogeza kipimajoto hadi hapo: 9. Nikapeleka mkono nyuma, nikakuta mwanya baina ya machela na mfarishi unaoingia vidole vinne vilivyosimama. Feni ya chumba ilikuwa upande ule ule. Upepo wote ulikuwa unaingilia hapo, unatembea chini yangu na kutokea miguuni.

Tukakaza lastiki ya upande wa kichwa. Bega likapanda hadi 20. Nikafurahi, nikamwambia mdogo wangu akaze zaidi, pande zote. Baada ya robo saa kiuno kilikuwa kimeshuka kutoka 19 hadi 15. Ilinichukua muda kuelewa: tulikuwa tumeukaza mno, mfarishi ukawa umebanwa na mwili wangu, pamba imekuwa bapa, na nimerudi kwenye kosa lile lile la mwaka jana kwa njia nyingine. Mfarishi ukining'inia mbali, upepo. Ukibanwa, hewa inatoka. Pazuri ni pale ambapo ukipitisha kiganja kilicholala bapa kinapita kwa kusugua pande zote mbili. Tumetia alama ya wino mwekundu kwenye lastiki ili gizani nisikisie.

Mwisho nikajaribu lile shuka la fedha la dharura, la karatasi ya plastiki inayong'aa, nikaliweka ndani ya machela chini yangu. Joto lilipanda upesi kweli. Baada ya saa moja nilipeleka mkono, ukatoka na matone. Mgongo wa sweta ulikuwa umelowa. Kwa dharura ya saa chache nitalibeba. Kulalia usiku mzima, hapana.

Jumla nimekaa ndani saa tatu kasorobo. Ami alikuwa ameniwekea chai ya tangawizi kwenye chupa, akanipa na kunifunika begani kwa kikoi chake bila kusema neno.

Jumapili, 29 Juni

Marekebisho: kamba nyembamba kwenye upindo wa kila ncha, yenye kizuizi, ili nifunge mdomo wa mfarishi kichwani na miguuni kama mfuko. Nimeongeza pia visikio vinne vya ubavuni. Sasa gramu 905. Sijasikitikia gramu hizo.

Jumapili, 13 Julai

Tumerudi sasa hivi kutoka Taita. Ijumaa tulishika treni ya asubuhi hadi Voi, matatu hadi Wundanyi, kisha tukapanda Ngangao na kuomba ruhusa kwa askari wa msitu. Ngangao ni kipande cha msitu wa zamani kilichosalia, kimo chake baina ya mita 1,700 na 1,950, na ni moja ya sehemu chache duniani wanakoishi ndege wenye jina la Taita. Ninachokiandika ni baridi, lakini sitaki mtu adhani tulikwenda kulala tu. Asubuhi ya Jumamosi ule msitu ulikuwa ukipiga miluzi.

Kwa hesabu yangu tungepata nyuzi 10 au 11 usiku. Tulipata 10. Nilidhani itakuwa rahisi baada ya bucha. Haikuwa, kwa sababu ya maji. Ukungu unaopanda huko ni mvuke uliotoka huku kwetu baharini. Upepo wa kusini mashariki unauvusha nyika yote ya Tsavo, unaukuta mlima, unageuka wingu. Si mvua, lakini kila kitu kinalowa. Majani yanadondosha usiku kucha.

Usiku wa kwanza maji yaliteremka kwenye mkanda kutoka kwenye mti, yakapita chini ya turubai bila kizuizi, yakaingia kwenye kichwa cha machela. Saa nne nilihisi shingo imelowa. Mdogo wangu akavua uzi wa kiatu, akaufunga kwenye mkanda sentimita chache kabla ya machela, ukaning'inia. Tukamulika tochi: tone likaja likiteleza kwenye mkanda, likafika kwenye uzi, likasita, likateremka nao hadi chini. La pili vivyo hivyo. Tulikaa tukiyatazama matone kama watu wanaotazama mpira. Sasa nyuzi mbili za pamba ziko kwenye mikanda yangu daima.

Turubai nilikuwa nimelifunga juu mno. Usiku wa pili nililishusha upande wa upepo hadi karibu liguse majani, upande wa pili nikaliacha wazi kidogo ili mvuke utoke. Mfarishi asubuhi ulikuwa mkavu ndani, una unyevu kidogo nje. Mgongo haukuniamsha hata mara moja. Kilichoniamsha ni miguu: nililala na soksi nilizopandia mlima, nikidhani ni kavu kwa sababu hazikudondosha maji. Jasho la mchana lilikuwamo. Soksi za kulalia ziwe za kulalia tu, zisiguse kiatu.

Jumamosi, 26 Julai

Wiki nzima nimefungasha na kufungua. Hii sehemu inaonekana ndogo lakini ndiyo inayoamua kama kazi yote ya Mei na Juni itafika mlimani ikiwa hai.

Kwanza, nyumbani mfarishi haukai ndani ya mkoba. Unakaa umetundikwa ndani ya foronya kubwa, na kila wiki unatoka juani. Pamba iliyofinywa mwezi mzima haiinuki tena kama zamani, na katika unyevu wa Kisauni inafinywa pamoja na kuvu.

Pili, maji. Wengi hutandika mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya mkoba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja haiingii kwenye hifadhi za taifa, misitu wala fukwe, chupa za maji zikiwamo. Nami naona ni sawa kabisa. Nimeokota plastiki ya kutosha ufukweni Nyali. Kwa hiyo ile nailoni iliyopakwa mpira, niliyokuwa nimeikasirikia Mei, imepata kazi yake: fundi amenishonea gunia refu la kuingia ndani ya mkoba, mishono nimeipaka silikoni, mdomo unakunjwa mara tatu na kufungwa. Nililijaza nguo, nikalitumbukiza kwenye karai la maji dakika kumi. Nguo zikatoka kavu.

Ndani ya gunia, mfarishi wa chini unaingia kwanza, na siukunji wala kuuviringisha. Nausukumiza kwa ngumi, kidogo kidogo, ukae unavyotaka na ujaze pembe. Ukikunjwa kwa mistari ile ile kila safari, pamba inavunjika kwenye mistari hiyo. Juu yake blanketi la kufunikia, juu yake mfuko mdogo wa nguo za kulalia: fulana ndefu, suruali, soksi, kofia ya sufu. Gunia linafungwa, halifunguliwi mpaka turubai liwe limeshafungwa juu. Chakula na sufuria vinakaa juu ya gunia, ili mkoba usifinye zaidi ya inavyolazimu. Mto wa sufi umefungwa juu ya vyote chini ya kifuniko. Turubai liko nje, mfukoni pembeni, peke yake, kwa sababu ndilo la kwanza kufungwa mvua ikinyesha na la mwisho kufunguliwa, na likilowa lisikutane na kitu kingine.

Chupa ni ya chuma, ya lita moja. Maji ya moto, ndani ya soksi, baina ya mapaja.

Jumatatu, 18 Agosti

Ijumaa jioni tulifika Met Station na kiongozi wetu na mdogo wangu. Nilitaka miti ile ile ya mwaka jana, nikaipata. Gome halina kovu, mikanda mipana haikulikata.

Saa kumi na mbili turubai juu. Saa kumi na mbili na nusu machela, halafu mfarishi, lastiki hadi kwenye alama nyekundu, mkono ukapita kwa kusugua. Nikauacha uinuke saa nzima wakati tunapika. Ugali, maharage, na karanga nyingi kabla ya kulala, kwa sababu mwili unahitaji kuni za usiku. Nikaenda haja, nikabadilisha nguo zote hadi za ndani, nikafanya mazoezi ya kuchuchumaa mpaka nikapata joto bila jasho, nikaingia. Hilo la mwisho sikuwa nikilijua mwaka jana: mfarishi unatunza joto unaloingia nalo. Ukiingia umeganda, unatunza kuganda.

Saa nne kipimajoto cha nje nyuzi 6, chini ya kiuno 21.

Saa saba za usiku niliamka mwenyewe, nadhani kwa mazoea ya mwaka jana. Nje nyuzi 3. Chini ya kiuno 20. Nilipeleka mkono mgongoni: pakavu, pana joto. Pua ilikuwa baridi tu. Upepo ulikuwa unateremka kutoka juu, nikausikia ukipita chini yangu, ukigusa nailoni na kuendelea.

Saa kumi na moja nje ikashuka hadi 1. Miguu ikaanza kulalamika kidogo kwenye vidole; mdomo wa mfarishi upande wa miguu ulikuwa umelegea, kizuizi cha kamba ni kidogo mno kukamatika kwa vidole vya baridi. Nikaivuta kamba kwa meno, nikalala tena. Kiongozi ndiye aliyeniamsha, jua limeshagusa miti.

Yaliyobaki: kizuizi kikubwa zaidi upande wa miguu. Mfarishi wa pili, kwa mdogo wangu, ambaye alilala kwenye hema na ameshauliza mara tatu. Fundi amesema niende Jumamosi na nailoni ile ile. Na sufi mpya kwa ajili ya mto, maganda yatakapopasuka. Leo mchana nimevianika vyote darini. Bibi ametoka na fimbo yake, akaupiga mto, kisha akausogelea mfarishi, akaushika, akaubonyeza kwa kiganja na kutazama ukiinuka.

“Huu nao wapigwa?” akauliza.

Nikamwambia upigwe polepole, vifundo visikatike.